Mughenyi

Karani wa usajili alilisoma jina langu mara mbili,
akacheka hadi miwani ikamteremka puani.
"Mughenyi! Hilo si jina, ssebo, hiyo ni habari.
Kwamba u mgeni tunaona. Jina lako nani?"
Nikamweleza: kwetu Singida nilizaliwa usiku wa wageni,
mvua imewafungia ndani,
kuku wawili wakachinjwa, mmoja wao, mmoja wa mama.
Akagonga muhuri.
Makerere ikanipokea hivyo,
mgeni kwa jina, mgeni kwa karatasi.

Nasoma udongo.
Naukausha kwenye tanuri, nauchekecha, naupima kwa gramu,
na Profesa Tumuhairwe ananirudishia sura ya pili
nyekundu kama njia ya Kikoni baada ya mvua.
"Nani kasema? Lini? Ukurasa upi?"
Usiku namjibu kwa sauti, peke yangu,
mpaka Ocen agonge ukuta.

Kiswahili changu hapa kinavaa magwanda bila idhini yangu.
Nikiuliza bei ya ndizi Wandegeya
muuzaji anakaa wima, anavuta mshipi wa gomesi:
"Wewe askari?"
Hapana, mama. Mwanafunzi. Nina deni la fotokopi.
Anayatazama mabega yangu, haamini,
ananipa bei ya woga,
na mimi, Mungu anisamehe,
nalipa, nanyamaza.

Ruzuku ikichelewa
Kyeyune hunikaangia roleksi ya yai moja,
kesho yake ya nusu yai,
keshokutwa nasimama tu upande wa moshi.
Makorongo yenye vipara juu ya jaa
yananikodolea macho kama jopo la watahini.
Hayana swali. Yanasubiri nimalize.

Machi, shangazi Nkuwi alifariki.
Simu ilinikuta maabara, sampuli zimo tanurini,
za kupimwa saa tatu kamili.
Walimzika Alhamisi.
Basi la kupitia Mutukula lingenifikisha Ijumaa usiku,
nikute majivu ya moto wa matanga na sufuria zinasuguliwa.
Nikapima sampuli ya kumi na saba.
Nikaipima tena.
Uzito wake siukumbuki,
ila umo, jedwali la nne, safu ya mwisho.

Halafu kuna asubuhi ile kwenye foleni ya maji,
mtu akatoa mzaha, jambo la mkwe na kibuyu,
nikacheka
kabla Ocen hajanitafsiria.
Akageuka kunitazama kama niliyeiba kitu.
Nilibeba dumu hadi ghorofa ya tatu
bila kulisikia.

Wahenga walisema siku ya tatu mgeni apewe jembe.
Mama Nakimuli, mwenye nyumba, alichelewa kidogo.
Juzi, mwaka wangu wa pili ukielekea ukingoni,
akabisha mlango:
"Mugenyi, si wewe unasoma udongo? Njoo."
Nyuma ya vyumba, kati ya shimo la maji machafu na seng'enge,
kipande cha ardhi kisichozidi vitanda vinne.
Nikachukua konzi, nikanusa, nikamwambia
hapa naitrojeni haitoshi.
Akanitia mpini mkononi.
"Lima."

Nikalima. Malengelenge yakatoka, yakapasuka.
Udongo ukaniingia kuchani bila vipimo.
Mpita njia nisiyemjua akaniambia gyebale ko,
asante kwa kazi.
Miaka miwili nimesoma hadi macho yakawasha,
hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Leo nimekwenda kuchungulia.
Bado hakuna kitu, tuta tu, na nyayo za kuku wa jirani.
Maharage ni siku nne zaidi, anasema Mama Nakimuli.
Sura ya pili inatakiwa Jumatatu.